Jihadhari na Barua za Wezi wa Fedha



Karatasi yetu hii imezoea kuzungumza nanyi juu ya kupalilia, kuchuma, kuanika na bei. Mara hii naomba ruhusa niseme juu ya fedha zenyewe, baada ya karafuu kwisha pimwa na kuuzwa. Siku hizi fedha zetu nyingi hazikai tena chini ya mto wala ndani ya kasha. Zakaa katika akaunti, na ufunguo wa akaunti twatembea nao mfukoni ndani ya simu. Wezi wamekwisha kulijua jambo hilo. Mwizi wa zamani alivunja mlango usiku, na mwizi wa leo aandika barua, tena kwa heshima nyingi, akakuomba wewe mwenyewe umpelekee ufunguo. Najua ninalolisema, kwa kuwa mimi nalimpelekea wangu.

Ilikuwa msimu uliopita, katikati ya uchumaji. Nalikuwa nimekwisha kuuza magunia ya kwanza, fedha zimeingia benki, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuwalipa wachumaji. Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri nimekaa barazani, jicho moja liko kwenye majamvi ya karafuu na jicho moja kwenye wingu lililokuwa likitanda upande wa bahari. Simu ikalia. Nikatazama, nikaona barua pepe, na juu yake alama ya benki na rangi zake zile zile. Barua ilisema kuwa yameonekana malipo yasiyo ya kawaida katika akaunti yangu, na kwamba akaunti itafungwa baada ya saa 24 nisipoithibitisha. Chini yake palikuwa na maneno ya kubonyeza.

Fikirini hali yangu. Mtu ana wachumaji kumi na wawili wanaongoja ujira wao kesho, mvua yataka kunyesha, karafuu ziko nje, halafu aambiwa akaunti yafungwa. Sikufikiri. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa ambao hata sasa nikiukumbuka siwezi kuutenga na ule wa benki. Nikaandika namba yangu, nikaandika neno la siri. Mara ukaja ujumbe wenye tarakimu sita, na ujumbe huo ulitoka benki kweli. Ukurasa ukaniambia: andika tarakimu ulizopelekewa. Nikaziandika. Ukurasa ukanishukuru, ukajifunga.

Mjukuu wangu, ambaye bado yuko skuli, akatoka na kahawa. Nikamweleza, na kwa kweli nalijisifu kidogo, kuwa babu yake ameiokoa akaunti. Akasimama na birika mkononi.

"Babu, nani aliyekutaka tarakimu hizo?"

"Benki, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyewaendea benki, au wao ndio waliokuandikia?"

Sikuwa na jibu. Tukaitafuta kadi ya benki, tukaipiga namba iliyochapwa nyuma yake. Yule bwana aliyepokea akaniambia malipo mawili yamekwisha toka na la tatu amelizuia sasa hivi. Yaliyotoka yalikuwa shilingi laki nane na nusu, fedha za wachumaji wote. Ijumaa nikawalipa kwa fedha za kukopa kwa shemeji yangu. Usiku ule nikausoma tena ule ujumbe wa tarakimu sita. Chini yake paliandikwa: usimpe mtu yeyote. Nalikuwa sikufika chini.

Watu huuliza, mwizi alijuaje kuwa fedha zimeingia? Jibu ni kwamba hakujua. Barua kama ile hupelekwa kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na wengi hawaijali kwa kuwa hata akaunti katika benki hiyo hawana. Lakini katika maelfu hayo hawakosekani watu ambao siku hiyo hiyo wanangoja fedha au wanaogopea fedha. Hapa kwetu wakati wa karafuu, ni nani asiyengoja fedha?

Wizi huu Waingereza na Wamarekani huuita kwa neno lao la uvuvi, ila wamelibadilisha tahajia kidogo. Jina lilizuka Marekani katikati ya miaka ya 1990, vijana walipokuwa wakiwaandikia wateja wa kampuni ya America Online, wakijifanya wafanyakazi wa kampuni na kuwataka maneno yao ya siri. Sisi watu wa visiwani jina hilo latuelea, lakini mimi naona uvuvi wenyewe si wa mshipi. Mwenye mshipi humvuta samaki. Barua hizi ni dema: limewekwa chini kimya, lina chambo na lina mlango mpana kwa nje, na samaki huingia kwa mkia wake mwenyewe.

Basi na tuutazame mlango wa dema. Mlango ni yale maneno ya kubonyeza, ambayo huitwa kiungo. Kila kiungo kina anwani nyuma yake, na anwani yaweza kusomwa. Watu wengi huisoma kutoka mwanzo, na hapo ndipo wanapokamatwa. Sisi tukimtaja mtu twaanza na jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na anayetaka kujua ni mtu wa mlango gani hulisikiliza jina la mwisho. Anwani ya intaneti ni vivyo hivyo. Mathalan, kwa majina niliyoyatunga mwenyewe, anwani iandikwe hivi: benkiyangu.co.tz.hakiki-akaunti.com. Jicho laona "benkiyangu" na latulia. Lakini mwenye nyumba ni yule wa mwisho, hakiki-akaunti.com, naye aweza kuwa mtu yeyote duniani aliyelilipia jina hilo. Yaliyotangulia ameyabandika tu mbele, kama mtu aliyeazima kanzu ya kadhi. Na ikiwa baada ya jina pana mstari wa mshazari, yaliyo baada ya mstari huo wa kwanza hayana ushahidi wowote. Ishia hapo, kisha rudi nyuma usome jina la mwisho.

Wala usilitegemee jina la mpelekaji linaloonekana juu ya barua. Jina hilo huandikwa na mpelekaji mwenyewe, kama vile mtu awezavyo kuandika jina lolote nyuma ya bahasha.

Hata hivyo macho peke yake hayatoshi, na jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka 2000, kampuni ya malipo ya PayPal ilipokuwa bado changa, watu walipelekewa barua kuwa kuna mtu amewatumia fedha, wafuate kiungo wakazipokee. Anwani ilisomeka PayPal. Lakini herufi ya mwisho haikuwa l ndogo, ilikuwa I kubwa, na kwa chapa nyingi za kompyuta herufi hizo mbili hazina tofauti hata kidogo. Mwenye macho mazima na mwenye miwani wote walikuwa sawa. Na juu ya kioo kidogo cha simu, ambapo anwani nusu yake hufichwa, mambo ni mabaya zaidi.

Kuna tukio jingine ambalo kwangu mimi ndilo lenye mafunzo zaidi, ijapokuwa halikuwa la fedha. Mwezi wa Machi 2016, John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton alipogombea urais wa Marekani, alipata barua pepe iliyojifanya imetoka Google. Ilimwambia kuwa kuna mtu amelipata neno lake la siri, basi alibadilishe mara moja, na ikampa kiungo. Ofisi yake ikafanya jambo zuri: ikamwuliza fundi wa kompyuta. Fundi akajibu kuwa barua ni ya kweli, na baadaye akasema alikusudia kuandika kuwa si ya kweli. Kosa la herufi chache. Lakini tazameni hapa: katika jibu lile lile fundi aliwapa anwani halisi ya Google ya kubadilishia neno la siri. Kama wangalipita njia ile aliyowapa fundi, kosa lake la kuandika lisingalimdhuru mtu. Wao walirudi kwenye barua ya mwizi, wakabonyeza kiungo chake. Barua zaidi ya 50,000 zikachukuliwa, na mwezi wa Oktoba zikaanza kutangazwa ulimwengu mzima.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi, kwa sababu shauri lililowapotea ndilo ambalo mimi pia lingaliniokoa. Huna haja ya kujua kama barua ni ya kweli au ya uongo. Mimi sijui, wewe hujui, na fundi aliyesomea kazi hiyo aweza kukosea. Jambo unaloweza kulifanya kila mara ni kutopita mlango uliofunguliwa na barua. Ikija barua ya benki au ya kampuni ya malipo, ifunge. Kisha, ukiwa na wasiwasi, nenda kwa njia unayoijua wewe: fungua programu ya benki iliyokwisha kuwamo katika simu yako, au piga namba iliyochapwa nyuma ya kadi, au panda gari uende tawini. Likiwa kuna jambo katika akaunti, utaliona kwa njia hiyo. Likiwa hakuna, barua ilikuwa dema. Na hiyo saa 24 wanayokupa si neno la benki. Ni fimbo ya kukukimbiza usipate wakati wa kumwuliza mjukuu.

Zamani tuliambiwa kuwa barua ya mwizi hujulikana kwa lugha yake mbovu, na kweli lugha mbovu imewahi kuokoa mali. Mwezi wa Februari 2016 wezi waliokuwa wameingia katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh walijaribu kutoa karibu dola bilioni 1. Walifanikiwa kupeleka dola milioni 81 Ufilipino, lakini dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilizuiwa, na sababu moja ni kuwa waliliharibu neno la Kiingereza lenye maana ya wakfu katika jina la aliyeandikiwa fedha. Leo usiitumainie alama hiyo. Tangu mwisho wa 2022 kompyuta zinazotunga maneno zimo mikononi mwa kila mtu, nazo zaandika Kiswahili kisafi kuliko cha makarani wengi. Barua niliyopelekewa mimi haikuwa na kosa hata moja. Na pengine hilo lingalinishtua.

Vivyo hivyo ile picha ndogo ya kufuli iliyokuwa ikionekana kando ya anwani. Wengi walifundishwa kuwa palipo na kufuli pana amani. Maana yake ilikuwa tu kwamba maneno kati yako na ukurasa hayawezi kusikilizwa na mtu wa tatu, na haikusema lolote juu ya uaminifu wa mwenye ukurasa. Wezi nao walijipatia kufuli. Ndiyo sababu Google mwaka 2023 iliiondoa picha hiyo katika programu yake ya Chrome.

Sasa tuje kwenye zile tarakimu sita. Ni jambo jema kuwa nazo, na asiyeziweka katika akaunti yake aende akaziweke, kwani mwizi mwenye neno la siri peke yake zitamsimamisha. Lakini naliambiwa baadaye namna walivyonifanya. Ukurasa wa uongo ulikuwa umekaa kati yangu na benki kama dalali asiye mwaminifu: nililoliandika kwake, alilipeleka benki dakika ile ile, benki ikadhani ni mimi, ikanitumia tarakimu, nami nikampa dalali. Kwa hiyo tarakimu hizo ni ufunguo kamili. Zimefanywa uziandike mahali ulipokwenda mwenyewe, basi. Mtu akikupigia simu na kujiita mfanyakazi wa benki, au wa kampuni ya simu, au hata wa chama chetu, akakwambia "nisomee tarakimu zilizokujia", kata simu. Usione haya kumkatia. Mfanyakazi wa kweli hana haja nazo.

Kuna njia iliyo bora kuliko tarakimu, na ikiwa benki yako au kampuni yako ya malipo inayo, itwae. Ni ufunguo unaokaa ndani ya simu yenyewe, wenye kufunguka kwa alama ya kidole au kwa uso. Ubora wake ni huu: ufunguo huo huitambua anwani ya nyumba yake, na ukipelekwa kwenye nyumba nyingine hukataa, hata mwenye simu akiwa amekwisha danganyika. Google mwaka 2017 iliwataka wafanyakazi wake wote watumie funguo za jamii hiyo, za kuchomeka katika kompyuta, na mwaka uliofuata ikasema kuwa miongoni mwa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 hajatokea hata mmoja aliyeibiwa akaunti yake ya kazi kwa udanganyifu huu. Mwaka 2022 kampuni za Apple, Google na Microsoft zikakubaliana kuueneza ufunguo huo katika simu na kompyuta za watu wote.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Neno la siri la barua pepe yako ni mama wa maneno ya siri yote. Mtu akisahau neno la siri la akaunti ya malipo, abonyeza "nimesahau", na njia ya kuweka jipya hupelekwa katika barua pepe. Basi aliyeishika barua pepe yako amezishika akaunti nyingi zinazoitegemea. Neno hilo liwe peke yake, refu, wala lisifanane na jingine. Kama huwezi kulikumbuka, liandike katika daftari uliweke kashani pamoja na hati ya shamba. Wataalamu wengine watanicheka, lakini mwizi wa barua pepe aliye ng'ambo hawezi kulifungua kasha la Pemba.

Kwa makatibu na washika fedha wa matawi nina neno mbali. Wao dema lao ni la namna nyingine: hati ya madai. Kati ya 2013 na 2015 mtu mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, aliandikisha kampuni kwa jina lile lile la kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan, ambayo ilikuwa ikifanya biashara na Google na Facebook. Kisha yeye na wenzake wakazipelekea kampuni hizo mbili barua pepe na hati za madai, fedha zilipwe katika akaunti zake. Wakalipwa zaidi ya dola milioni 120. Mwezi wa Desemba 2019 mahakama ya New York ilimfunga miaka 5. Ikiwa Google walilipa, mshika fedha wa tawi asijione kuwa yeye hadanganyiki. Ikija barua ya mwuza mbolea, au ya mwenye gari, au ya fundi wa ghala, kusema kuwa "tumebadilisha akaunti yetu", asilipwe mtu mpaka apigiwe simu kwa namba iliyomo katika daftari letu la zamani. Namba iliyomo katika barua hiyo haifai, kwani atakayejibu ni yule yule.

Na wale wasiokuwa na barua pepe wasidhani hayawahusu. Ule ujumbe wa simu unaosema "ile fedha itume kwa namba hii" ni wizi ule ule uliovaa kanga nyingine. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imeiweka namba 15040 kwa ajili ya kuarifu namba za matapeli. Pia ukibonyeza *106# utajua ni laini ngapi zimeandikishwa kwa jina lako. Zikiwa zaidi ya ulizo nazo, nenda kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo.

Aliyekwisha kuingia demani asikae kuhuzunika, kwani dakika zina thamani. Kwanza aipigie benki au kampuni ya malipo izuie akaunti. Pili abadilishe neno la siri, na la barua pepe pia, akitumia njia yake mwenyewe. Tatu aende polisi na simu yake, barua isifutwe; tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mimi fedha zangu hazijarudi. Lakini lile lipo la tatu lilizuiwa kwa sababu tulipiga simu kabla kahawa haijapoa.

Kuna kitu kimoja nalikifanya vibaya kuliko kubonyeza. Nalinyamaza. Naliona haya, mtu mzima, mjumbe wa tawi, kudanganywa na barua. Nalimwambia mjukuu asimwambie mtu, na shemeji nikamwambia ni shida ya benki. Jirani yangu, ambaye shamba lake limepakana na langu na ambaye ana akaunti katika benki ile ile, alikuja barazani siku ya kumi na mbili. Alikuwa amechoka uso. Akanipa simu yake akaniuliza kama nimepata kuiona barua ya namna hii. Ilikuwa barua yangu, neno kwa neno. Yeye aliibiwa zote.

Nikamwonyesha ya kwangu. Akaitazama tarehe kwa muda, akanirudishia simu.

"Mzee," akasema, "ungaliniambia."

Barua ile nimeichapisha, nimeibandika ukutani katika ofisi ya tawi, kando ya bei za karafuu, jina langu likiwa chini yake. Nimemwomba katibu aache nafasi. Mpaka naandika haya wanachama wengine watatu wamekwisha kuleta zao, na moja imeandikwa kwa jina la chama chetu.